Meya Richard J. Daley wa Chicago: ni nini kilichomweka madarakani miaka 21?

Mdadisi wa Miji

Wanajamvi, habari za wakati huu. Nimekuwa nikisoma historia ya utawala wa miji ya Marekani, na kila nikifika Chicago nakutana na jina lilelile la Richard J. Daley, aliyeapishwa kuwa meya mwezi Aprili 1955 na kubaki kwenye kiti hicho mpaka alipofariki dunia tarehe 20 Desemba 1976. Alishinda chaguzi sita mfululizo, kila moja kwa muhula wa miaka minne, katika jiji ambalo mpaka leo halina ukomo wa mihula kwa meya wake. Naomba tusimchanganye na mwanawe, Richard M. Daley, aliyeliongoza jiji hilohilo kuanzia 1989 hadi 2011. Huyo anaweza kusubiri.

Kinachonitatiza ni kwamba simwoni kama mtu wa kupendwa na umati. Alizaliwa mwaka 1902 katika mtaa wa Bridgeport, kusini mwa jiji, mtoto pekee wa fundi bati mwenye asili ya Ireland. Alifanya kazi kwenye machinjio makubwa ya Union Stock Yards, akasoma sheria kwa masomo ya usiku katika Chuo Kikuu cha DePaul, na alipohitimu mwaka 1933 alikuwa ameshapita umri wa miaka 30. Hotuba zake zilikuwa za kujikwaa kiasi kwamba waandishi wa habari walizikusanya kama vichekesho. Iliyovuma kuliko zote ni ile ya mwaka 1968, alipokuwa akiwatetea askari wake, akasema kwamba polisi hayupo pale kuleta vurugu, yupo kulinda vurugu. Hata nyumba yake haikuwa ya kifahari: aliishi na mkewe Eleanor na watoto wao saba katika nyumba ya kawaida ya matofali kwenye barabara ya South Lowe, mtaani kwao Bridgeport, na hapo hakuhama mpaka mauti yalipomkuta.

Sasa maswali yangu ni haya. Je, ni ujenzi wa jiji uliomweka madarakani muda wote huo, au kuna jambo jingine? Na je, ofisi yenyewe ya meya ilikuwa na nguvu kiasi gani kisheria? Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na utendaji wa kila siku uko mikononi mwa mkurugenzi, kwa hiyo napata taabu kumfikiria meya ambaye magavana walimwogopa na marais walimpigia simu kumwomba msaada. Mwenye kulifahamu jambo hili kwa kina atusaidie, na ikiwezekana atueleze pia ni nani aliyelipa gharama ya miaka hiyo yote.

Mwalimu wa Siasa

Ndugu Mdadisi, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ukilielewa hilo mengine yatafuata yenyewe. Kwa mujibu wa sheria, meya wa Chicago alikuwa dhaifu. Madiwani 50, mmoja kwa kila kata, ndio waliokuwa na mamlaka makubwa, ikiwemo kuandaa bajeti ya jiji kupitia kamati yao ya fedha. Meya aliyemtangulia Daley, Martin Kennelly, alikuwa mfanyabiashara mstaarabu ambaye aliongoza vikao na kukata tepe tangu 1947, huku madiwani wakigawana jiji watakavyo. Mtu akikwambia kwamba Daley alirithi kiti chenye nguvu, usikubali.

Nguvu zake zilitoka kwenye kiti kingine. Mwaka 1953, miaka miwili kabla ya kuwa meya, Daley alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati kuu ya chama cha Democratic katika kaunti ya Cook, yaani kaunti inayolibeba jiji la Chicago na vitongoji vyake. Kamati hiyo ilikuwa na wajumbe 80, hamsini kutoka kata za jiji na thelathini kutoka vitongojini, na ndiyo iliyoamua nani atagombea nini, kuanzia hakimu wa mahakama ndogo hadi gavana wa jimbo la Illinois. Wagombea walikuja mbele yake mmoja baada ya mwingine kujieleza, na kila mmoja aliulizwa kama atakubali kugombea nafasi nyingine endapo hatapewa aliyoiomba, na kama atakiunga mkono chama akikosa zote. Daley ndiye aliyekaa juu ya kamati hiyo. Wakati wa kampeni za 1955 aliahidi kwamba akichaguliwa kuwa meya ataachia uenyekiti. Alichaguliwa, na uenyekiti akafa nao.

Sasa vitazame viti hivyo viwili vikiwa chini ya mtu mmoja. Kama meya, alikuwa na ajira za kugawa: katika idara za jiji, kaunti, bustani za umma na taasisi nyingine zilizokuwa chini ya watu wa chama, nafasi ambazo kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 40,000. Kama mwenyekiti, alijua ni kata gani imeleta kura ngapi. Mzoa taka, mlinzi wa bustani, karani wa mahakama na fundi wa mabomba ya maji, wote walipata kazi kwa barua ya mkubwa wa chama katika kata yao, na wengi wao walikuwa na kazi ya pili isiyoandikwa kwenye mkataba, ambayo ni kusimamia kituo kimoja cha kupigia kura. Chicago ilikuwa na vituo zaidi ya 3,000 vya namna hiyo, na kila kimoja kilikuwa na mtu wake, ambaye mimi humfananisha na balozi wa nyumba kumi wa enzi za chama kimoja hapa kwetu.

Mtu huyo alizijua familia zote za eneo lake kwa majina. Mama mjane akilalamika kwamba pipa lake la taka limevunjika, aliletewa jipya. Kijana akikamatwa kwa kosa dogo la barabarani, balozi alijua karani wa kumwona. Taa ya mtaani ikizimika, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa yeye, na kwa kuwa jirani yake ndiye aliyefanya kazi idara ya umeme, taa iliwaka kabla ya wiki kwisha. Siku ya uchaguzi alibisha hodi mlango kwa mlango, akiwa na orodha mkononi, na ikifika alasiri bila fulani kupiga kura, alirudi tena. Baadaye alipeleka makadirio yake ya kura kwa mkubwa wa kata, na kosa kubwa kuliko kushindwa lilikuwa kukadiria vibaya, kwa sababu chama kilitaka kujua kama mtu huyo anawafahamu watu wake au anadanganya. Kata ikishuka, ajira zake zilipunguzwa na kupewa nyingine. Hakuna aliyehitaji hotuba nzuri katika mfumo kama huo.

Alipoingia ofisini, jambo la mapema kabisa alilolifanya lilikuwa kuitoa kazi ya kuandaa bajeti mikononi mwa madiwani na kuileta kwake. Aliwanyang'anya hata mambo yanayoonekana madogo, kama kibali cha kukata ukingo wa barabara ili mwenye nyumba apitishe gari kuingia uani. Kibali hicho kilikuwa chanzo cha siku zote cha mlungula, na diwani aliyezoea kukitoa alijikuta akienda ghorofa ya tano ya jengo la jiji, kwa Daley, kuomba. Ndani ya miaka michache baraza lilikuwa likipitisha mambo yake kwa kauli moja, isipokuwa sauti chache. Leon Despres, diwani wa kata ya tano, alisimama peke yake mara nyingi sana, na maikrofoni yake ilizimwa akiwa bado anazungumza.

Kuhusu kwa nini hakutafuta ugavana wala useneta, nadhani jibu liko wazi. Alikwisha kuonja siasa za jimbo, kwani alikuwa katika Bunge la Illinois tangu 1936, akaongoza wajumbe wa chama chenye viti vichache katika Seneti ya jimbo hilo, na baadaye Gavana Adlai Stevenson akampa idara ya mapato. Alishindwa uchaguzi mara moja tu maishani, mwaka 1946, alipogombea usherifu wa kaunti. Alijua kwamba gavana huja na kuondoka, na kwamba anayepanga orodha ya wagombea huwaona wote wakipita.

Mswahili wa Hyde Park

Mwalimu, shikamoo. Maelezo yako ya mfumo ni sahihi, ila naona yamekaa upande wa waliokuwa wakipata. Mimi naishi Chicago, katika kata ileile ya tano ya Despres, na nikitaka kumweleza mgeni Daley alikuwa nani, humpitisha barabara ya State kusini mwa katikati ya jiji, kwenye viwanja ambavyo kwa miaka mingi vilibaki majani matupu.

Hapo palikuwa na Robert Taylor Homes, mradi wa nyumba za umma uliokamilika mwaka 1962. Yalikuwa majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yamepangwa kwa mstari wa karibu maili mbili, na ndani yake nyumba zaidi ya 4,000. Karibu wakazi wote walikuwa Weusi, na wengi walikuwa watoto. Lifti ziliharibika, vibaraza vya nje vikazibwa kwa nyavu za chuma toka chini hadi juu, na magharibi yake, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ikapita barabara kuu ya Dan Ryan, njia 14 za magari, kati ya watu hao na Bridgeport ya meya. Jengo la mwisho lilibomolewa mwaka 2007. Kinachoniuma zaidi ni jina. Robert Taylor alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza bodi ya mamlaka ya nyumba ya Chicago, na alijiuzulu mwaka 1950, kabla ya enzi ya Daley, kwa sababu baraza la madiwani lilikataa kuzitawanya nyumba za umma katika mitaa ya Wazungu. Baada ya kufa kwake, jina lake likabandikwa kwenye kitu kilekile alichokipinga.

Hapa ndipo penye fumbo la maisha ya kisiasa ya Daley. Watu Weusi ndio waliomwingiza madarakani. Mwaka 1955 alimshinda Kennelly katika kura za maoni za chama, kisha akamshinda Robert Merriam wa Republican kwa kura zaidi ya 125,000, na kata za Weusi za kusini, zilizokuwa chini ya mbunge William Dawson, zilikuwa nguzo ya ushindi wote miwili. Mwaka 1963, alipopambana na Benjamin Adamowski, wachambuzi wengi wanaamini kwamba wapiga kura Wazungu walio wengi walimkataa, na kwamba kata za Weusi ndizo zilizomwokoa. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo angewalipa fadhila. Alifanya kinyume: alisoma kutoka kwenye matokeo yale kwamba Wazungu wanaanza kumponyoka, akawafuata wao, kwa kuwa Weusi aliwahesabu kuwa wake tayari.

Mwaka huohuo wa 1963, mwezi Oktoba, wanafunzi zaidi ya 200,000 hawakwenda shule, kupinga utaratibu wa kuwarundika watoto Weusi katika madarasa ya matrela huku shule za Wazungu zikiwa na nafasi. Mwaka 1965 serikali kuu ilizuia dola milioni 32 za elimu kwa sababu ya ubaguzi katika shule za Chicago. Daley akazungumza na Rais Lyndon Johnson, na baada ya siku chache fedha zikaachiwa. Hilo ndilo jibu la Ndugu Mdadisi kuhusu marais waliombembeleza.

Kisha akaja Martin Luther King. Januari 1966 alihamia katika nyumba ya kupanga mtaa wa Lawndale, magharibi mwa jiji, na tarehe 10 Julai, baada ya mkutano mkubwa katika uwanja wa Soldier Field, aliwaongoza waandamanaji hadi jengo la jiji na kubandika madai yao mlangoni. Daley hakumfungulia mbwa kama walivyofanya wakubwa wa Birmingham, jimbo la Alabama, kwa waandamanaji. Alimkaribisha, akamwonyesha takwimu za miradi, akakubali kwamba matatizo yapo, na akaahidi. Ilipofika Agosti, King alipigwa jiwe kichwani akiongoza maandamano katika mtaa wa Wazungu wa Marquette Park, na tarehe 26 Agosti pande zote zikatia saini makubaliano ya nyumba ambayo hayakuwa na namna yoyote ya kumlazimisha mtu kuyatekeleza. King akaondoka na karatasi. Mimi naona kwamba hiyo ndiyo siku ambayo ustadi wa Daley ulionekana kuliko siku nyingine yoyote, na ndiyo ninayomlaumu kwayo kuliko zote.

Mwaka 1968 ustadi huo ulimwishia. King alipouawa mwezi Aprili, upande wa magharibi wa jiji uliwaka moto na watu wasiopungua tisa wakafa. Siku chache baadaye meya alitangaza hadharani kwamba polisi walipaswa kumpiga risasi ya kuua anayechoma nyumba na ya kulemaza anayepora maduka. Mwezi Agosti, katika mkutano mkuu wa kitaifa wa Democratic, polisi waliwapiga virungu waandamanaji, waandishi na wapita njia mbele ya hoteli ya Conrad Hilton huku televisheni zikionyesha. Ripoti ya uchunguzi iliyosimamiwa na mwanasheria Daniel Walker iliziita vurugu hizo ghasia za polisi. Mwaka 1972 Walker huyohuyo alimshinda mgombea wa Daley, Paul Simon, katika kura za maoni za ugavana, na akawa gavana.

Mdadisi wa Miji

Nawashukuru sana. Dada, sehemu ya Robert Taylor imenifanya nisome tena mara ya pili. Nina jambo moja ambalo nadhani wengi humu watalitaja kama nisipolitaja mimi: inasemekana kwamba Daley ndiye aliyempa John Kennedy urais mwaka 1960 kwa kuiba kura. Je, madai hayo yana uzito, au ni hadithi za vijiweni? Na tena, je, hakuna hata mmoja wa kumtetea mzee huyu kwa yale aliyoyajenga?

Kalamu ya Bandarini

Nitajaribu yote mawili, Ndugu Mdadisi, ingawa la kumtetea nitalifanya kwa mkono mmoja.

Kuhusu 1960, tuanze na hesabu, maana wanaosimulia hadithi hii huiruka. Kennedy alipata kura 303 za wajumbe wa uchaguzi, wale wa majimbo ambao ndio humchagua rais, naye mpinzani wake wa Republican, Richard Nixon, 219. Illinois ilikuwa na kura 27. Ukimnyang'anya Kennedy Illinois yote anabaki na 276, na zilizohitajika zilikuwa 269. Ili Nixon ashinde ilibidi apate Illinois na Texas kwa pamoja. Kwa hiyo hata kama kila kura ya Chicago ingekuwa ya mizimu, Daley peke yake hakumpa mtu yeyote urais.

Je, kura zilichezewa? Ndiyo, zilichezewa, na watumishi wachache wa vituo walitiwa hatiani. Kennedy aliishinda Illinois kwa kura zisizofika 9,000 kati ya kura zaidi ya milioni nne na nusu, na ushindi wake ndani ya jiji la Chicago ulizidi kura 450,000, kwa hiyo kushuku ni haki ya kila mtu. Lakini tazameni ni kinyang'anyiro gani kilichomkosesha Daley usingizi mwaka ule. Adamowski, yuleyule aliyetajwa na Dada hapo juu, alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti kwa tiketi ya Republican, na alikuwa akichimba uozo wa jengo la jiji. Mapema mwaka 1960 ilikuwa imegundulika kwamba askari wa kituo cha Summerdale walikuwa wakishirikiana na mwizi kuvunja maduka, jambo lililomlazimu Daley kumleta profesa wa mambo ya polisi, O. W. Wilson, kuliongoza jeshi hilo. Adamowski aliyeshinda tena angekuwa na miaka mingine minne ya kufungua makabati. Alishindwa mwezi Novemba, na kura zilipohesabiwa upya katika baadhi ya vituo, dosari kwenye matokeo yake zilionekana kubwa kuliko zile za urais. Mimi nashawishika kwamba Kennedy alibebwa na mkondo uliochimbwa kwa ajili ya kumzamisha mtu mwingine.

Sasa la ujenzi. Uwanja wa ndege wa O'Hare, aliouzindua Kennedy mwaka 1963, ulikuja kuwa wenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani, na Daley alihakikisha mashirika ya ndege yenyewe ndiyo yanabeba mzigo wa gharama. Ukumbi wa maonyesho wa McCormick Place ulifunguliwa 1960, ukaungua 1967, na baada ya miaka minne ukasimama mwingine. Sanamu kubwa ya chuma ya Picasso ilizinduliwa 1967 kwenye uwanja ambao leo unaitwa kwa jina la Daley mwenyewe, na kabla hajafa, Sears Tower yenye ghorofa 110 ilikuwa imeshakuwa jengo refu kuliko yote duniani wakati huo. Mwaka 1975, New York ilipokaribia kufilisika, Chicago ilikuwa bado inakopesheka bila shida. Yeye mwenyewe alipenda sana jiji lake liitwe jiji linalofanya kazi, na mtu aliyetoka Cleveland au Detroit ya miaka ile asingebisha.

Hata hivyo, tuwe waangalifu tunapomsifu kwa hilo la fedha. Shule, bustani, usafiri wa umma, nyumba za umma na hospitali ya kaunti vilikuwa chini ya mamlaka zenye bajeti zake zenyewe, wakati New York ilibeba mengi ya hayo katika daftari moja. Deni halikuonekana kwenye vitabu vya meya kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu vya jirani, ingawa watu waliokaa kwenye bodi za jirani waliteuliwa na yeye. Na kila jengo lina watu waliolipisha. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyofunguliwa 1965, ni kitu alichokitamani tangu siku zake za Bungeni, na kweli imesomesha watoto wengi wa wafanyakazi. Ilijengwa juu ya mtaa wa Waitaliano na Wagiriki ambao walikuwa wameahidiwa ukarabati wa nyumba zao, si kubomolewa. Florence Scala na akina mama wenzake waliketi kugoma ofisini kwa meya, wakaenda mahakamani, wakashindwa, na majengo karibu yote ya Hull House, kituo cha kuwahudumia wahamiaji na maskini alichokianzisha Jane Addams, yakaangushwa. Nawataja kwa sababu hao hawakuwa Weusi, wala Republican. Walikuwa wapiga kura wake.

Mwalimu wa Siasa

Marahaba, Dada wa Hyde Park, na nimekuelewa. Nikubaliane nawe kwa kuongeza kwamba hatimaye walioonekana kuwa wake tayari walimponyoka. Tarehe 4 Desemba 1969, polisi waliotumwa na mwendesha mashtaka wa kaunti, Edward Hanrahan, ambaye alikuwa kijana wa Daley, walivamia nyumba alfajiri na kumuua Fred Hampton, kiongozi wa chama cha wanaharakati Weusi cha Black Panther mwenye miaka 21, pamoja na Mark Clark. Miaka mitatu baadaye kata za Weusi, ambazo zilizoea kuweka alama moja kwenye orodha nzima ya chama, zilimruka Hanrahan na kumchagua Mrepublican. Mwaka huohuo Ralph Metcalfe, mwanariadha aliyemaliza nyuma ya Jesse Owens tu katika mita 100 za Olimpiki ya Berlin na ambaye chama kilimpa kiti cha ubunge cha Dawson, alimgeuka meya hadharani kwa sababu ya ukatili wa polisi.

Mwaka wa 1972 ulikuwa mbaya kwake kila upande. Kwenye mkutano mkuu wa Miami wajumbe wake walifukuzwa ukumbini na nafasi zao zikachukuliwa na kundi la diwani William Singer na Jesse Jackson. Mahakamani, kesi iliyofunguliwa na mwanasheria Michael Shakman ilizaa makubaliano yaliyokataza kumfukuza mtumishi wa umma kwa sababu za kisiasa, jambo lililoanza kulegeza ile barua ya kata niliyoieleza. Mwaka 1974 Daley alipata kiharusi, na Thomas Keane, aliyekuwa mkono wake wa kulia barazani, akatiwa hatiani kwa ulaghai. Pamoja na hayo yote, mwaka 1975 alishinda muhula wa sita kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Alikufa kwa mshtuko wa moyo akiwa kwa daktari wake, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amezindua ukumbi wa michezo katika bustani moja ya umma kusini mashariki mwa jiji.

Ndugu Mdadisi, uliuliza nguvu zilikuwa kwenye ofisi au kwingine, na yaliyofuata baada ya kifo chake yanajibu vizuri kuliko mimi. Wilson Frost, diwani Mweusi aliyekuwa mwenyekiti wa muda wa baraza, alidai kukaimu umeya. Madiwani walimkatalia, wakamchagua Michael Bilandic wa kata ya Bridgeport. Uenyekiti wa chama ukaenda kwa mtu mwingine. Januari 1979 theluji kubwa iliangukia jiji, barabara zikafungwa kwa majuma, na treni zikaanza kuvipita bila kusimama vituo vya mitaa ya Weusi ili ziwahi kufika mjini. Mwezi uliofuata Bilandic akaangushwa na Jane Byrne katika kura za maoni. Watu walewale wa vituoni walikuwepo, ila hakukuwa na mtu mmoja wa kuwalipa na kuwaadhibu kwa wakati mmoja.

Kisha mwaka 1983 akachaguliwa Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi. Alikaa ghorofa ileile ya tano, chini ya sheria zilezile. Lakini mwenyekiti wa chama katika kaunti ya Cook alikuwa diwani Edward Vrdolyak, na huyo aliwakusanya madiwani 29 dhidi ya 21 wa meya, wakazishika kamati zote na kuyakalia majina ya watu aliowateua Washington. Mvutano huo uliendelea karibu miaka mitatu, mpaka mahakama ilipoamuru uchaguzi mpya katika kata saba mwaka 1986 na baraza likawa 25 kwa 25, kura ya uamuzi ikiwa ya meya.